Siku nne kwenye Blue Ridge Parkway wiki ya pili ya Oktoba: tukae upande upi ili tuyakute majani yameiva rangi?

BintiMsafiri aliuliza:

Habari za wakati huu, ndugu zangu.

Ninaomba ushauri kuhusu safari ambayo ina uzito mkubwa moyoni mwangu. Nimepata likizo ya siku nne katika wiki ya pili ya Oktoba, na nimekusudia kumpitisha mama yangu mzazi kwa gari kwenye Blue Ridge Parkway, ile barabara inayofuata migongo ya milima katika majimbo ya Virginia na North Carolina nchini Marekani, ili ajionee kwa macho yake jinsi majani yanavyobadilika rangi katika majira ya mapukutiko. Mama ana miaka 71. Hamu anayo na macho yake ni mazima, lakini magoti hayamruhusu kutembea mwendo mrefu wala kupanda ngazi nyingi, kwa hiyo karibu kila kitu itabidi tukione tukiwa ndani ya gari au hatua chache kutoka mahali tutakapoegesha.

Mwaka juzi tulifanya safari ya namna hii mahali pengine. Nilikuta tarehe kwenye ramani moja ya mtandaoni iliyodai kwamba ndiyo siku ya kilele cha rangi, nikapanga kila kitu kuizunguka tarehe hiyo, na tulipofika tukakuta vilima vizima bado ni vya kijani kibichi, isipokuwa mti mmoja mmoja kando ya barabara. Mama hakulalamika hata kidogo. Alisema milima ni mizuri vilevile. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani na uchungu, kwa sababu nilijua alikuwa ameisubiri safari ile tangu mwanzo wa mwaka.

Sasa naomba mnisaidie kwa mambo haya. Je, tuanzie Virginia au twende moja kwa moja North Carolina? Je, ni busara kuipita barabara yote kutoka mwanzo hadi mwisho kwa siku hizo nne? Na kwa kuwa dereva ni mimi peke yangu, nami sijazoea barabara za milimani zenye kona nyingi, ni mambo gani niyaangalie kabla sijamweka mama garini?

Natanguliza shukrani.

MsafiriWaMgongoni alijibu:

Dada yangu, nimeipita barabara hiyo kila Oktoba kwa miaka tisa, na neno la kwanza ninalotaka kukuambia ni kwamba uache kuuliza majani yanaiva tarehe ngapi. Tarehe zako unazo tayari, na hazibadiliki. Uliza majani yatakuwa yameiva kwenye mwinuko gani siku hizo utakazokuwapo, kisha ulale karibu na mwinuko huo. Kosa la mwaka juzi halikuwa lako. Ni kosa la kila mtu anayeichukulia rangi ya majani kana kwamba ni sikukuu inayoangukia siku moja kwa milima yote.

Blue Ridge Parkway inakufaa hasa kwa sababu hiyo. Mahali pake pa chini kabisa ni kwenye kivuko cha mto James, Virginia, ambapo barabara iko mita 198 tu juu ya usawa wa bahari, na mahali pake pa juu kabisa ni Richland Balsam, North Carolina, mita 1,845. Kila unapopanda mita 1,000 hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 au 7 za Selsiasi, kwa hiyo majira hayafiki kila mahali kwa wakati mmoja. Rangi huanza vileleni mwishoni mwa Septemba, halafu huteremka polepole kwa wiki kadhaa mpaka inayafikia mabonde mwishoni mwa Oktoba na hata mwanzoni mwa Novemba. Mtu aliye kwenye barabara inayopanda na kushuka namna hiyo anaweza kuifuata rangi ilipo. Ukiona kijani kimezidi, panda. Ukiona matawi yamebaki matupu, shuka.

Kwa wiki ya pili ya Oktoba, ukanda ulioiva kwa kawaida huwa kati ya mita 1,200 na 1,500 hivi, na hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza linapopatikana. Katika Virginia yote barabara hii haizidi mita 1,204, nayo huifikia kimo hicho mahali pamoja tu, karibu na mlima Apple Orchard. Sehemu yake kubwa iko chini zaidi ya hapo, na rangi yake huiva baadaye. Ningekuwa mimi, ningekwenda North Carolina moja kwa moja na kulala usiku wote katika eneo la Asheville, mji ulio kwenye kimo cha mita 650 hivi. Kutoka hapo unaweza kwenda kaskazini mashariki kupanda kuelekea Craggy Gardens na mlima Mitchell, ambao kwa mita 2,037 ndio mrefu kuliko yote mashariki mwa mto Mississippi, au ukaenda kusini magharibi kupita mlima Pisgah hadi jabali la Looking Glass Rock, Graveyard Fields na kuendelea mpaka Richland Balsam kwenyewe. Kote kuwili unaanzia bondeni penye kijani na kupanda hadi penye rangi, na mama ataona mabadiliko yote katika mwendo wa asubuhi moja.

Nikuonye mambo mawili kuhusu sehemu za juu. Graveyard Fields, karibu na nguzo ya maili 418 (ni nguzo za kando ya barabara zinazohesabu umbali), hutangulia kuiva kwa sababu ni bonde la juu lenye vichaka vingi vya matunda ya buluberi ambavyo hugeuka vyekundu mapema. Kufikia siku zako huenda vingi vitakuwa vimekwisha kupukutika. Na kule Richland Balsam usitarajie rangi nyingi pembeni mwa barabara, maana miti ya kimo kile ni ya jamii ya msonobari isiyopukutisha majani. Unakwenda pale kwa ajili ya kutazama chini, kuona milima iliyopangana safu nyuma ya safu mpaka inageuka buluu.

Ama kuipita barabara yote, sikushauri. Ina urefu wa maili 469, yaani kilomita 755 hivi, na mwendo unaoruhusiwa hauzidi kilomita 72 kwa saa, na mahali pengi ni chini ya hapo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1935 na kipande cha mwisho, kinachozunguka mlima Grandfather kwa lile daraja refu la Linn Cove, kilifunguliwa mwaka 1987. Watu waliochukua miaka 52 kuijenga hawakuijenga ili mtu aikimbie. Ukijibana kuimaliza kwa siku nne, mama atakuwa ameona vioo vya gari zaidi ya majani. Mimi ningepanga siku mbili, moja kwa kila upande wa Asheville, ningeiacha ya tatu bila mpango ili kile mtakachokiona siku mbili za kwanza ndicho kiamue, na ya nne ningeirudia sehemu ambayo mama ataipenda kuliko zote.

Jambo la mwisho, na hili ni la lazima: kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliharibu vibaya barabara hii, hasa upande wa North Carolina, na matengenezo yake yamekuwa makubwa. Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani ina ukurasa unaoonyesha nguzo kwa nguzo ni sehemu ipi imefunguliwa na ipi imefungwa. Uangalie kabla ya kuondoka, na uuangalie tena kila asubuhi, kwa sababu hata ukungu au barafu inaweza kufunga kipande cha juu kwa siku nzima.

Kaskazini_Daima alijibu:

Kwa heshima zote kwa aliyetangulia, naomba niliweke wazo jingine mezani. Kama mama anataka kuona wekundu wenyewe, ule unaoonekana kama moto juu ya kilima, basi mpeleke Vermont au New Hampshire. Kule misitu imejaa miti ya mepo, ule mti ambao jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada, na hakuna mti unaoushinda kwa rangi. Barabara ya Kancamagus katika New Hampshire ina urefu wa kilomita 55 tu, inaunganisha Lincoln na Conway, na kwa siku moja unaweza kuipita kwenda na kurudi bila haraka.

MsafiriWaMgongoni alijibu:

Ndugu yangu, nimefika Vermont na sibishi hata neno moja kuhusu uzuri wa mepo zake. Ninachohofia ni wiki. Katika sehemu nyingi za kaskazini ya Vermont, wiki ya pili ya Oktoba rangi huwa imeanza kupita, na upepo mmoja wenye mvua unaweza kuyaangusha majani usiku mmoja. Mtu mwenye siku nne zisizobadilika, na ambaye ameshavunjika moyo mara moja, anahitaji mahali penye nafasi ya kupanda na kushuka. Kusini pia kuna aina nyingi zaidi za miti zinazopokezana, kwa hiyo moja ikiishiwa nyingine inaanza. Kama dada angekuwa na likizo mwishoni mwa Septemba, ningekuunga mkono bila kusita.

MwalimuWaBiolojia alijibu:

Naomba niongeze kuhusu miti yenyewe, kwa sababu naamini mtu anayejua anachokitazama hukiona vizuri zaidi, na pia kwa sababu kuna imani moja iliyoenea ambayo inawapotosha wasafiri wengi, yaani kwamba ni jalidi inayoyapaka majani rangi. Sivyo. Jalidi kali huliua jani na kuliacha la kahawia. Kinachoamsha mabadiliko ni mchana kuwa mfupi, na huo hufupika kwa mpango uleule kila mwaka. Baridi ya usiku huharakisha kazi ambayo tayari imeanza.

Wakati wa kiangazi jani ni la kijani kwa sababu ya klorofili, ambayo mti huitengeneza upya siku zote kadiri jua linavyoichakaza. Mchana unapopungua, mti huacha kuitengeneza, huivunja ile iliyobaki, na huvuta nitrojeni iliyomo kutoka kwenye jani na kuirudisha ndani ya matawi, kama mwenye nyumba anayetoa vyombo vyake vya thamani kabla ya kufunga mlango. Klorofili ikiondoka, rangi ya njano ya karotenoidi inabaki wazi. Njano hiyo ilikuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua, ilifunikwa tu. Ndiyo maana miti ya njano, kama vile tulipu, hikori na betula, haikuangushi sana mwaka wowote.

Wekundu ni habari nyingine kabisa. Huo unatokana na anthosianini, ambazo jani huzitengeneza mwishoni mwa uhai wake kutokana na sukari iliyonaswa ndani yake wakati mishipa kwenye kikonyo inapoanza kuzibwa na lile tabaka la seli ambalo hatimaye litalikata jani kutoka kwenye tawi. Ili zitengenezwe kwa wingi unahitaji mchana wenye jua kali na usiku wa baridi isiyofikia kuganda. Wiki ya mawingu na joto hutoa wekundu uliofifia. Ukame mkali wakati wa kiangazi huweza kuyaangusha majani kabla hayajafika popote. Kwa hiyo usiangalie utabiri wa rangi pekee, angalia hali ya hewa ya siku kumi zinazotangulia safari yako.

Kwenye milima ile unayokwenda, mti wa kuutafuta ni mdogo na wenyeji huuita sourwood. Hauvutii macho wakati wa kiangazi, lakini ni miongoni mwa ya kwanza kugeuka, na wekundu wake ni wa kina, karibu na rangi ya divai. Mialoni huja mwisho kabisa, nayo huwa ya rangi ya kutu na ngozi kwa sababu ya tanini iliyomo.

Mama ambaye hawezi kutembea sana anaweza kufanya jambo moja palepale kwenye maegesho. Atafute jani jekundu ambalo lilikuwa limefunikwa kidogo na jani jingine juu yake. Pale palipopigwa na jua patakuwa pekundu, na pale palipokuwa kivulini patabaki pa njano, mpaka unaweza kuuona ukingo wa jani la juu umechorwa kama kwa kalamu. Ni ushahidi ulio wazi kuliko kitabu chochote kwamba wekundu unahitaji mwanga. Alimulike juani, alitazame kwa muda anaotaka, kisha aliache mahali pake, maana kanuni za hifadhi haziruhusu kuondoka nalo.

GiaYaPili alijibu:

Wenzangu wameshughulikia macho; mimi nataka kushughulikia usukani, kwa sababu umesema wazi kwamba hujazoea milima na kwamba utakuwa peke yako.

Kwanza nikutie moyo. Kwa mgeni wa milima, barabara hii ni ya huruma kuliko nyingi. Malori ya biashara hayaruhusiwi, hakuna taa za barabarani, mwendo ni mdogo kwa kila mtu, na kila baada ya muda mfupi kuna maegesho ya kutazamia mandhari ambapo unaweza kusimama na kupumua. Wala hakuna kiingilio cha kulipa. Lakini hakuna kituo cha mafuta hata kimoja kwenye barabara yenyewe, kwa hiyo jaza tangi mjini kila asubuhi, na uwe na ramani iliyohifadhiwa kwenye simu au ya karatasi, maana mtandao hukatika kwa mwendo mrefu. Nguzo za maili zilizo kando ya barabara ndizo anwani pekee ya kule, zizoee mapema.

Katika kuteremka, na hapa naomba unisikilize vizuri, usikalie breki. Mteremko wa kutoka Craggy Gardens hadi Asheville ni mrefu, na dereva anayekanyaga breki mfululizo ataanza kusikia harufu ya kuungua kabla hajafika nusu. Weka gia ndogo tangu juu, hata kama gari ni la otomatiki, acha injini ilizuie gari, na utumie breki kwa kukanyaga na kuachia. Majani yaliyolowa juu ya lami huteleza karibu sawa na barafu, na hujikusanya zaidi kwenye kona zenye kivuli, mahali ambapo wewe huoni. Punguza mwendo kabla ya kona, wala si katikati yake. Kuna mahandaki 26 kwenye barabara nzima, na yote isipokuwa moja yako North Carolina; washa taa kabla ya kuingia, na uwakumbuke waendesha baiskeli, ambao wanaruhusiwa humo na ni vigumu kuwaona unapotoka kwenye mwanga mkali.

Dereva hatazami majani gari likiwa linakwenda. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona gari likiacha njia mbele yangu kwa jambo hilo hilo, mchana kweupe na hali ya hewa nzuri. Mpe mama kazi ya kutazama na kukueleza, na wewe utazame mkisimama. Mkae barabarani kuanzia mapema. Katikati ya Oktoba jua huko huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama muda mfupi kabla ya saa moja jioni, na giza la milimani huja haraka. Jioni ndipo kulungu wanapovuka, na msimu wao wa kupandana huwa unakaribia, hivyo hawaangalii kitu. Mmoja akivuka, ngoja. Mara nyingi yuko mwingine nyuma yake.

BintiMsafiri aliandika:

Nimesoma kila neno mara mbili na ninawashukuru sana. Nimeamua tutakwenda North Carolina na kulala Asheville usiku wote. Naomba nifafanuliwe jambo moja: tukiamka tukakuta ukungu umefunika kila kitu, je, tungoje mjini au tupande?

MwangaWaUpande alijibu:

Inategemea ukungu upo wapi, na hili ni jambo ambalo wapiga picha tunalazimika kulijua. Asubuhi tulivu baada ya usiku usio na mawingu, hewa ya baridi hujikusanya bondeni na ukungu hulala humo, huku vilele vikiwa kwenye jua. Asubuhi kama hiyo panda haraka, kwa sababu ukifika mita 1,200 au zaidi utatoka juu ya ukungu kana kwamba umetoka majini, na utauona umelala kati ya milima kama ziwa jeupe. Lakini ikiwa ni wingu zito lenye mvua lililokalia vilele, bonde litakuwa wazi na juu hutaona hata nguzo ya mbele yako. Hapo shuka. Barabara namba 276 inakata Parkway karibu na nguzo ya maili 412 na kuteremka ndani ya msitu kuelekea Brevard, na njiani yapo maporomoko ya Looking Glass, ya mita 18 hivi, ambayo mama atayaona akiwa amesimama kando ya barabara. Wala usihuzunike kwa mawingu: ndani ya msitu mwanga wa mawingu huzidisha rangi, kwa kuwa majani hayarudishi mng'ao mweupe wa jua, na rangi yake huonekana imekolea zaidi.

Siku ya jua, uwe na tabia ya kulitazama jani likiwa kati yako na jua. Mwanga ukilipiga kwa mbele unaona uso wake tu. Ukilipitia kutoka nyuma, jani lote linawaka.





BintiMsafiri aliandika, siku kumi na moja baadaye:

Ndugu zangu, tumerudi salama, na nimeona si haki kuchukua ushauri wenu nisirudi kuwaeleza.

Siku ya kwanza tulipanda upande wa kusini magharibi kama MsafiriWaMgongoni alivyoelekeza, na baada ya mlima Pisgah tukaingia kwenye wingu lenye mvua lililokuwa zito mno hata nikafungua kioo ili nisikie kama kuna gari linakuja. Miaka miwili iliyopita ningesema safari imeharibika. Safari hii nilikuwa nimekwisha kusoma hapa la kufanya, kwa hiyo tulipofika njia panda ya 276 tukashuka, na kabla hatujafika mbali wingu likabaki juu yetu na msitu ukafunguka. Miti ya tulipu ilikuwa imeanza tu kuwa ya njano. Mama alisimama mbele ya maporomoko ya Looking Glass kwa karibu saa nzima, ameegemea ukingo, na majani yaliyokuwa yakianguka juu ya mto yalifika kwenye maporomoko moja moja, yakasita kidogo pale juu, kisha yakaenda na maji.

Siku ya pili kulikucha ukungu wa bondeni, ule wa aina nyingine, tukapanda kuelekea Craggy kabla ya saa mbili. Sitajaribu kuueleza ule mwonekano. Pale juu miti mingi ilikuwa tayari mitupu, na ukanda wenye rangi ulikuwa chini yetu kidogo, kwa hiyo wakati wa kurudi tuliteremka kwa gia ndogo na kusimama karibu kila maegesho. Kufikia hapo mama alikuwa ameshaelewa mpango wote bila mimi kumfafanulia, tukiwa garini alikuwa akisema, "Hapa bado, shuka kidogo," au, "Tumepita, rudi."

Siku ya tatu ile isiyo na mpango aliichagua yeye. Alitaka kurudi mahali ambapo wingu lilitufukuza. Hali ya hewa ilikuwa safi, na kwenye maegesho ya Looking Glass Rock, nguzo ya maili 417, mlima mzima uliozunguka lile jabali la kijivu ulikuwa umeiva: wekundu, chungwa, njano, na kijani cheusi cha misonobari kikiwa kimechomekwa katikati. Nilikwenda kumletea koti kutoka garini. Niliporudi nilimkuta ameinama, ameshika jani la sourwood, amelinyanyua kuelekea jua. Nusu yake ilikuwa nyekundu kama alivyoandika Mwalimu, na upande mmoja palikuwa na umbo la njano la jani jingine, na ncha yake ikionekana wazi kabisa. Alinionyesha kwa kidole pale ulipopita mpaka wa rangi hizo mbili. Kisha akalirudisha chini, mahali palepale alipolitoa, akanikalisha kando yake kwenye ukuta wa mawe na kuniambia tusiondoke mpaka jua lifike upande wa pili wa jabali.